Mkono wa Babu Uliopungua Vidole Viwili

Juzi nimebomoa nyumba ya Mwarabu wa haluwa, pale Kariakoo, mtaa wa tatu kutoka sokoni. Nimeinunua mwenyewe, kwa jasho langu, niweke jengo la tofali za saruji, maduka chini na vyumba juu. Usinione hivi, msomaji wangu. Mimi darasani nilikaa miaka mitatu tu, na mwalimu aliwahi kusema mbele ya wenzangu kwamba kichwa changu kinafaa kutundikia kofia. Haya. Leo mtoto wa mwalimu huyo amepanga kwangu, na kila asubuhi ananiambia shikamoo. Tangu Gerezani mpaka kule Posta, ukiona nyumba ya mawe isiyo na ufa, uliza nani kaijenga. Utatajiwa mimi, au mtu niliyemfundisha mimi.

Basi mafundi wangu walikuwa wanashusha paa, wakitupa chini makombamoyo. Ndiyo ile miti mirefu ya mikoko inayotoka mgongoni mwa nyumba, ikashuka mpaka nje ya ukuta, ili paa lipate kumwaga maji mbali. Moja likaangukia karibu na miguu yangu. Nikaona kiungo. Mti mrefu mkuukuu, na mwishoni kipande kifupi kimeungwa, kikapigwa misumari na kuzungushiwa kamba ya usumba. La pili, vilevile. La tatu, vilevile.

"Mzee," akaniita msimamizi wangu, kijana mmoja mwenye mdomo, "nyumba hii aliijenga fundi gani? Mbona miti yote imevalishwa viatu?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikasema vumbi limeniingia machoni, nikaenda kukaa juu ya kifusi. Mtu mzima, mwenye lori lake na wapangaji wake, nimekaa juu ya udongo nalia kama aliyeungua. Fundi wa nyumba ile ni baba yangu. Na sababu ya viatu vile ni mimi.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Ni zama za Mwingereza, vita ile ya kwanza imekwisha na hii ya pili hatujaisikia. Kariakoo ilikuwa mchanga mtupu, mchanga mweupe wa kuzama kifundo, na minazi imesimama hata katikati ya njia. Asubuhi ungeamshwa na adhana, kisha na filimbi ya gari moshi kule Gerezani, kisha na vikombe vya muuza kahawa, chaka-chaka-chaka, hata hujanawa uso. Soko lilikuwa chini ya paa la chuma, na harufu yake ilitufikia kitandani: papa mkavu, mafuta ya taa, mafenesi. Mama akichemsha mbaazi za nazi, nami nakwenda na kibakuli kununua maandazi kwa jirani, mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akitukana huku anakuongezea moja la bure.

Sisi tulikuwa watu wa kujenga. Ukoo mzima. Babu alianza kabla ya Mjerumani hajaondoka, akajenga nyumba moja ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na uwanja nyuma. Akakaa chumba kimoja, akapangisha vitano. Vyumba vitano vikazaa nyumba ya pili, ya pili ikazaa ya tatu. Watu wakaona, wakaja kumwomba awajengee na wao. Bibi ndiye aliyekuwa hakimu wa udongo. Ukimletea kikapu cha udongo, humega kidogo, huutia ulimini, hutafuna, hutema. "Huu una chumvi, rudisha. Huu wa kule juu ya Jangwani, leteni." Usicheke. Udongo wa chumvi haushiki, na ulimi wa bibi haukuwahi kukosea. Baba alikuwa mtu wa kiwanja: kupima, kuvuta kamba, kusimamisha nguzo. Ami yangu, mdogo wake baba, tumbo moja, alikuwa mtu wa miti. Alikwenda kwenye malundo ya boriti kule Gerezani, akaupiga mti kwa kidole kama mtu anayebisha hodi, akasikiliza, akasema, "Huyu yuko nyumbani," au, "Huyu kahama." Aliyehama maana yake ameliwa ndani na wadudu. Wanawake wa kwetu walikandika. Hata mimi nilikuwa na kazi yangu, kukanyaga udongo, na hakuna mtoto mtaani aliyekanyaga kunishinda. Hilo nalisema bila haya.

Na ilikuwepo fimbo. Babu alipokuwa kijana alilaza mkono wake juu ya kipande cha mti wa mkandaa, akakikata kwa urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Sisi hatukuiita fimbo wala dhiraa. Tuliiita Mkono. "Leteni Mkono." "Chumba hiki mikono sita." Babu alipokufa alizikwa na mikono yake miwili, na ule wa tatu ukabaki, umetundikwa msumarini juu ya mlango wa bibi. Kila nyumba yetu ilitoka kwenye mwili wa mtu mmoja. Wazungu walikuja na futi zao, baba akazitazama, akauliza, "Futi ya nani?" Akarudi kwenye Mkono wake. Kijana mmoja wa kazi aliwahi kuuruka ukiwa chini. Baba alimfukuza siku hiyohiyo.

Ndipo Mwarabu wa haluwa akaja. Alikuwa mtu mpole, vidole vyake vinanukia iliki siku zote, na alitaka nyumba ya kuozeshea bintiye. "Mafundi wangu," alisema, "masika yasinikute nje." Baba akapima kiwanja kwa Mkono, akasimamisha nguzo na fito zote. Likabaki paa, na baada ya paa, udongo. Makombamoyo yalitakiwa yawe na mikono kumi kila moja. Kumi kamili, ili ncha zitokeze nje na mvua isiguse ukuta. Ukuta wa udongo ukilowa, msomaji wangu, hauna tofauti na uji.

Jioni moja kabla ami hajaenda kukata miti, mimi nilikuwa na pete ya chuma ya pipa. Watoto wote walikuwa wakiendesha pete mtaani, ila mimi sikuwa na kijiti cha kugongea. Nikatazama juu ya mlango wa bibi. Hakuna mtu. Nikapanda juu ya kinu, nikautungua Mkono.

Nilikimbia nao mpaka karibu na reli. Nilikuwa wa kwanza, kama kawaida yangu. Niliporudi nikautazama: ncha imechanuka kama ufagio. Nikachukua msumeno mdogo wa ami, nikaikata ile sehemu mbovu, upana wa vidole viwili tu. Nikasugua kwa mchanga, nikapaka masizi na mafuta ya nazi mpaka pakafanana na kwingine. Kazi safi kweli. Hata leo naiona na kuisifu, na kuisifu kwenyewe kunanichoma.

Asubuhi ami aliutungua, akaupima uzito mkononi. "Mbona umekuwa mwepesi leo?" akaniuliza. "Au mimi ndiye niliyepata nguvu?"

Nikacheka. Naye akacheka. Akaenda zake Gerezani huku anapiga mluzi, akakata miti sitini na zaidi.

Sasa, siku ya kupaua kwetu ilikuwa nusu harusi. Mwenye nyumba anapika, mtaa mzima unakuja. Ilikuwa kesho yake ami alipokwisha kukata miti: Mwarabu alichinja mbuzi wawili, wanawake wanapeta mchele, moshi wa pilau umetanda, wanaume wamepanda juu kama kunguru. Kombamoyo la kwanza likapandishwa, likafungwa mgongoni, likalazwa. Ncha yake ikaishia juu ya ukuta. Haikutokeza hata kidogo. Baba akasema lete jingine. Jingine nalo vilevile. La tatu. Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani akapaza sauti:

"Fundi! Nyumba imevaa kofia ya mtoto!"

Kicheko kikalipuka. Baba akashuka. Uso wake sitausahau.

"Ulikata mikono mingapi?" akamuuliza ami.

"Kumi, kaka."

"Kumi ipi hii?"

"Nilihesabu kumi, kaka."

Baba akanigeukia. "Kimbia nyumbani ukalete Mkono."

Nilikimbia. Mtaa mmoja na nusu. Nilijua ukiletwa utapimwa, na ukipimwa nimekwisha. Nikautungua, nikaingia jikoni kwa bibi, nikausokomeza katika makuti ya paa, mkono wangu ukafika mpaka kwapani. Nikarudi nahema.

"Haupo," nikasema.

Neno moja. Nimejenga nyumba nyingi kwa maneno mengi, lakini lile moja ndilo lililobomoa.

"Jana nani aliutumia?" baba akauliza, ingawa alijua.

"Mimi," ami akajibu. "Niliurudisha. Nimeutundika mwenyewe."

"Basi umeota miguu."

Baba akapiga magoti mchangani, akalaza mkono wake mwenyewe juu ya kombamoyo. Urefu wa mkono wake ulikuwa sawasawa na wa babu, watu wote walijua. Akasogea akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Alipofika mwisho akasema, "Tisa na vidole vinne." Ami akapiga magoti naye, akapima. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona midomo yake. Ilifika tisa, ikasimama. Akapima mti mwingine. Tisa. Akanyanyua kichwa kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua.

"Umri wote huo," baba akasema mbele za watu, "hujui kuhesabu kumi?"

"Kaka, nilihesabu kumi."

"Labda kumi ya huko kwenu."

"Kwetu ni kwenu, kaka."

Hapo pangeishia, pengine pangepona. Lakini baba alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hatafuti haki, hutafuta pa kuimwaga. Akasema, "Na Mkono wa baba umeupoteza. Heri ungekatwa wa kwako."

Miti ikavalishwa viatu, kila mmoja, na nyumba ikamalizika kabla ya masika, Mwarabu hakulalamika hata mara moja, alisema tu, "Ajali ya kazi, ndugu zangu." Lakini mtaani jina lilishatoka. Ami akawa Bwana Tisa. Akipita sokoni, wauza machungwa wanamhesabia: "Saba, nane, tisa... tisa!"

Siku ya nne aliondoka. Msumeno wake aliuacha, aliutundika kwenye ule msumari uliokuwa mtupu. Bibi alimshika kanzu. Mimi nilikuwa barazani. Ami akanipapasa kichwa, akaniambia, "Wewe jifunze kuhesabu vizuri, mwanangu. Usiwe kama mimi." Akaenda kusini, upande wa Rufiji, kule inakotoka mikoko yenyewe.

Tangu hapo ukaanza mchezo wa Ijumaa. Watu wakitoka msikitini, bibi huniita jikoni, hunibandulia ukoko wa wali wa nazi, ule wa chini ulioshika rangi, uliokuwa haki ya ami tangu alipokuwa mdogo. Hunipa, hukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hunitazama.

"Mjukuu wangu, huna la kuniambia?"

"Sina, bibi."

"Haya. Kula."

Ijumaa hii, na ile, na nyingine. Nilidhani ni maneno ya wazee tu, ya kumsemesha mtoto. Nilikula ukoko wa ami miaka sita.

Bibi alipofariki, shangazi aliniita kando akanipa kifurushi cha kanga kuukuu. "Bibi yako kasema hiki chako. Usifungue mbele za watu." Nikafungua nyuma ya choo. Ulikuwa Mkono. Umepakwa mafuta, unang'aa, na ile ncha niliyoikata imelainishwa kwa kushikwashikwa. Ndipo nilipofahamu jambo la kipumbavu kabisa, ambalo hata mtoto wa miaka minne angeliwaza: jikoni hupika nani? Moto wa asubuhi huwashwa na nini, kama si kipande cha kuti kuukuu kinachochomolewa paani? Bibi aliupata wiki ileile. Na mkono wa babu hakuna aliyeujua kama yeye, maana aliulalia tangu siku ya harusi yake mpaka siku ya mazishi. Vidole viwili kwake ni kama kukosa jino.

Alijua. Na kila Ijumaa alikuwa amenifungulia mlango, mimi napita mbele yake na kwenda zangu.

Nimemlaumu pia, nisikufiche. Kwa nini hakusema yeye? Angemwita baba, ningechapwa, ami angerudi, basi. Alikuwa na msemo wake: "Udongo wa kuazima haukandiki." Labda aliona ukweli wa kusemewa hautashika. Au alinionea huruma mimi, akampoteza mwanawe kwa ajili yangu, na hilo ndilo zito zaidi, kwa sababu sikuwa na thamani hiyo.

Kazi ya ukoo ilikufa taratibu. Bila ami, baba alinunua miti iliyokwisha hama. Nyumba mbili ziliinama. Watu wakaacha kuja. Zile nyumba tatu za babu zikauzwa moja baada ya moja, na baba akaishia mlinzi wa ghala la mtu. Siku zake za mwisho alikuwa akigonga ubao wa kitanda kwa kidole na kusema, "Laiti ndugu yangu angekuwepo, angetuambia huu uko nyumbani au umehama." Nilikuwa nimekaa pale. Mkono nimeuficha chini ya godoro langu. Sikusema.

Nikaanza maisha yangu. Nimebeba mawe, nimechanganya zege, nimelala juu ya mifuko ya saruji. Huwa najisifu barazani kwamba nilianza na mikono miwili mitupu. Ningesema kweli, ningesema nilianza na mmoja, nao mfupi.

Nilipopata lori langu la kwanza nikajipa moyo, nikaenda Rufiji. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nikamkuta mjane wake, mwanamke mwembamba, anasuka mkeka mlangoni. Ami alikuwa amezikwa miaka miwili nyuma.

"Alikuwa akijenga huku?" nikauliza.

"Kujenga? Baba watoto?" Akanishangaa. "Hakuwahi kushika mti. Hata kibanda hiki wamejenga ndugu zangu. Alisema macho yake yanaona kumi penye tisa. Alikuwa akihesabu kila kitu mara mbili. Samaki mara mbili. Wanawe, jioni wakirudi, mara mbili. Tulikuwa tukimcheka."

Yaani hakuondoka na chuki. Aliondoka akiamini. Ningemkuta amemkasirikia kaka yake mpaka kaburini, ningeweza kulibeba. Lakini mtu aliyekuwa akibisha hodi kwenye mti na mti ukamjibu, amekaa umri uliobaki akiwa hana hakika kama watoto wake ni wanne. Maneno niliyoyapanga yakanirudi tumboni. Nikamwachia mjane unga na sukari, nikageuza lori.

Mchanga ule mweupe wa Kariakoo hauonekani tena, umefunikwa kwa lami. Minazi wameikata, na mingine nimeikata mimi. Hakuna anayekwenda kutafuna udongo, hakuna anayealika mtaa mzima kuja kupaua. Siku hizi unaita fundi wa mabati, anapiga nyundo peke yake mpaka magharibi. Vijana wangu wana futi za chuma zinazojikunja zenyewe ndani ya kijumba, hazikosei, na hazikutoka kwenye mwili wa mtu yeyote. Mimi ndiye niliyewanunulia.

Basi juzi nilipokuwa juu ya kile kifusi, na mafundi wananitazama kwa kuibia, nikasikia kama baba ananituma: kimbia nyumbani ukalete Mkono. Nikanyanyuka. Sikupanda lori. Nilikwenda kwa miguu, mbio, tumbo hili linatikisika, watu wa sokoni wananipisha wakidhani kuna moto. Nikautoa kwenye kasha langu. Safari hii niliuleta.

Nikapiga magoti juu ya mchanga wa zamani uliokuwa umejificha chini ya nyumba. Kwanza nikalaza mkono wangu mwenyewe juu ya kombamoyo, maana watu husema nimetoka kwa babu kila kiungo. Tisa na vidole vinne, mpaka pale pa kiungo. Kisha nikaushika Mkono, nikaanza upya, kwa sauti. Msimamizi wangu akaacha kucheka, akavua kofia bila kujua anavulia nini.

"Mzee, unapima nini?"

Nikafika mwisho wa mti wenyewe, pale pa kiungo. Ncha ya Mkono na ncha ya mti zikalingana kama zilizaliwa pamoja.

"Kumi," nikamwambia. "Mtu aliyekata mti huu alikata kumi. Aliyeukata Mkono ni mimi."

Nikarudi mwanzo wa mti, nikahesabu mara ya pili, kama yeye.

Kumi.